Mwanasesere Awezaye Kuketi

Katika milima ya Usambara, kama ilivyo mahali pengi, mtoto wa kike hujifunza kubeba mtoto kabla hajapata nguvu za kubeba mtoto wa kweli. Huokota gunzi la hindi, akalivika kitambaa, akalifunga mgongoni, akaenda nalo hata mtoni. Gunzi hilo ndilo mwanasesere wake. Hulibembeleza, hulisemesha, hulilaza usingizi. Lakini akitaka kuliketisha apate kulilisha uji, haliketi. Huanguka ubavuni kama gogo, kwa kuwa halina nyonga za kukunja wala magoti.

Yuko mwanasesere wa namna nyingine, awezaye kuketi, kupiga magoti, kuinua mkono, na hata kusimama peke yake asishikwe na mtu. Mtoto mwenye subira aweza kumtengeneza nyumbani kwa vitu vipatikanavyo Lushoto: karatasi kuukuu, unga wa muhogo, udongo mwekundu, katani, na mpira wa baiskeli uliokwisha kazi. Lakini vitu hivyo havitoshi peke yake. Sharti kwanza ijulikane siri ya kiungo.

WANASESERE WA KALE

Watu wametengeneza wanasesere tangu zamani sana. Wayunani wa kale, katika karne ya 5 kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, walifinyanga wanasesere wa udongo, wakawachoma motoni, kisha wakawatundikia mikono na miguu kwa uzi au waya, hata ikawa inaning'inia na kucheza. Huku kwetu, Wazaramo wa pwani walichonga mwanasesere wa mti aitwaye mwana hiti. Hakuwa na mikono wala miguu, ila kichwa na kiwiliwili tu. Alipewa mwali alipokaa ndani, awe alama ya mtoto atakayemzaa baadaye. Katika nchi ya Washambaa na jirani zao, sanamu ndogo za udongo zilitumika kufundishia vijana walipoingizwa katika utu uzima.

Mwanasesere mwenye viungo vya gololi alienea sana katika karne ya 19. Katika Ujerumani, katika nchi ya Thuringia, uko mji uitwao Sonneberg. Watu wa mji ule na vijiji vyake walitengeneza wanasesere kwa karatasi iliyopondwa, wakawapeleka kwa meli mpaka Uingereza na Marekani. Kazi nyingi haikufanywa katika viwanda vikubwa, bali katika nyumba za watu. Baba alikanda, mama alishona, na watoto walisugua na kupaka rangi hata usiku, kwa ujira mdogo sana. Hivyo watoto wengi wa Sonneberg walitengeneza wanasesere wazuri ambao wao wenyewe hawakuwa na nafasi ya kucheza nao. Siku hizi mafundi wa Ujapani ndio wanaosifiwa kwa kazi hii. Mwaka 1999 kampuni ya Volks ilianza kuuza wanasesere wenye viungo vya gololi, na watu wa nchi nyingi wakapenda kuwanunua na kuiga ufundi wao.

SIRI YA KIUNGO

Mtu akitaka kuijua siri ya kiungo, na autazame mwili wake mwenyewe. Mfupa wa paja una kichwa cha mviringo kama gololi, na mfupa wa nyonga una shimo kama kikombe. Gololi ile hukaa ndani ya kikombe kile. Kwa hiyo mguu waweza kwenda mbele, nyuma, kando, na kuzunguka. Bega nalo ni hivyo hivyo. Lakini goti ni kama bawaba ya mlango: hukunjika upande mmoja tu. Kama goti lingezunguka kama bega, mtu asingeweza kusimama.

Tena gololi na kikombe havitoshi. Mifupa isingekaa pamoja kama isingefungwa kwa kano na kuvutwa na misuli. Basi kila kiungo chema kina mambo matatu: gololi, kikombe, na kitu cha kuvivuta viwili hivyo vikae pamoja. Muumba aliyapatanisha matatu hayo katika mwili wa mtu. Fundi wa wanasesere hufuata mfano huo. Mahali pa kano na misuli huweka ukanda wa mpira.

KUCHORA NA KUPIMA

Fundi asianze kukanda kabla ya kuchora. Mwanasesere mwenye kimo cha inchi 10 anafaa sana, kwa maana akiwa mdogo zaidi, vidole vya fundi haviingii ndani yake, na akiwa mkubwa zaidi, huwa mzito kwa mpira. Mtu mzima ana kimo kipatacho vichwa saba vyake mwenyewe, lakini mtoto mdogo ana vichwa vitano hivi. Kwa hiyo mwanasesere wa mfano wa mtoto, mwenye inchi 10, awe na kichwa cha inchi 2, shingo na kiwiliwili inchi 3½, na miguu inchi 4½. Mikono ikining'inia, ncha za vidole zifike katikati ya paja.

Achorwe mara mbili, kwa kipimo chake kamili: mara moja kwa mbele, na mara moja kwa ubavu. Kisha kila kiungo kitiwe duara. Hesabu yake ni hii: shingo, mabega mawili, viwiko viwili, vifundo viwili vya mikono, nyonga mbili, magoti mawili, na vifundo viwili vya miguu, jumla viungo 13. Vipande vya mwili ni 14, yaani kichwa, kiwiliwili, na sita vya mikono na sita vya miguu. Kwa hiyo vitu vya kutengenezwa ni 27 pamoja na gololi.

KUKANDA

Karatasi kuukuu zichanwe vipande vidogo, ziloweshwe katika maji usiku kucha, kisha zitwangwe katika kinu mpaka zirojeke. Zikamuliwe maji, zichanganywe na uji mzito wa unga wa muhogo na chumvi kidogo, kwa kuwa chumvi huzuia ukungu. Zikandwe kama unga wa chapati, mpaka donge lisishike vidoleni.

Gololi zitengenezwe kwanza. Donge dogo liviringishwe katikati ya viganja viwili, kisha litobolewe kwa kijiti toka upande huu hata upande wa pili. Gololi za nyonga na mabega ziwe kubwa; za vifundo ziwe ndogo. Zikaushwe kabisa kabla ya kazi nyingine yoyote.

Kisha mikono na miguu. Kijiti laini, chenye unene wa kalamu, kipakwe mafuta ya mbarika, na donge lizungushwe juu yake kwa umbo la paja, au la mkono. Kungali na majimaji, gololi iliyokauka ipakwe mafuta, ikandamizwe katika ncha ya kipande mpaka iingie kama theluthi yake, kisha itolewe. Shimo libakilo ndilo kikombe, nalo limeumbwa na gololi ile ile itakayokaa ndani yake. Wahenga walisema, "Udongo upate ungali maji." Maneno hayo ni kweli hata kwa karatasi: likisha kauka, donge halifundishiki tena. Kijiti nacho kizungushwe kidogo kila siku, kitolewe kabla donge halijakauka sana. La sivyo, donge litajifinya na kukishika, kisitoke kamwe.

Kichwa na kiwiliwili ni vikubwa, kwa hiyo hutengenezwa juu ya umbo la udongo wa mfinyanzi lililopakwa mafuta. Karatasi ikisha kauka juu ya udongo, hukatwa mbele na nyuma kwa kisu, mtu mzima akiwapo. Udongo hutolewa, na nusu mbili huunganishwa tena kwa donge jipya. Utosi wa kichwa ukatwe kama kifuniko, upate kufunguliwa baadaye. Nywele zitaificha alama yake.

KUKAUSHA

Hapa ndipo wengi huharibu kazi yao. Mji wa Lushoto u juu, yapata mita 1,400 toka usawa wa bahari, na katika miezi ya Juni na Julai ukungu na baridi hukaa siku nyingi. Mtoto huona vipande vyake vimekaa siku tatu bila kukauka, akavipeleka karibu na meko. Asubuhi huvikuta vimepasuka.

Sababu yake ni hii. Kitu chenye maji kikikauka, hupungua. Moto hukausha ngozi ya nje upesi, nayo hupungua, lakini ndani kungali na maji, hakupungui. Ngozi ya nje haipati nafasi. Hukazwa mpaka hupasuka. Kwa hiyo vipande viwekwe kivulini, mahali penye upepo, juu ya kichanja, vigeuzwe asubuhi na jioni, hata kama vitachukua majuma mawili. Haraka haraka haina baraka.

KUSUGUA

Uko mti uitwao msasa, wenye majani ya kukwaruza kama ulimi wa paka. Mafundi wa zamani walisugulia mbao kwa majani hayo, na kwa sababu hiyo hata karatasi ya dukani ya kusugulia mbao imeitwa msasa. Vyote viwili vyafaa.

Vipande visuguliwe mpaka kidole kisione kituta wala shimo. Vikombe navyo, kwa kuwa vilipungua katika kukauka, sasa havilingani tena na gololi zake. Dawa yake ni nyepesi. Kipande cha msasa kifungwe juu ya gololi yenyewe, upande wa kukwaruza ukiwa nje. Kisha gololi izungushwe ndani ya kikombe chake mpaka vikubaliane. Hivyo gololi huchonga nyumba yake mwenyewe. Mwisho, matundu ya gololi za magoti na viwiko yapanuliwe upande mmoja tu, yawe kama ufa. Ufa huo huupa mpira njia ya kupita kiungo kikikunjwa, na kiungo hukunjika upande ule ule tu, kama bawaba. Wakati wote wa kusugua, kitambaa kifungwe puani, kwa maana vumbi haliufai mwili.

KUPAKA RANGI

Chaki iliyosagwa huchanganywa na gundi nyepesi, ikapakwa mara tatu. Kila mara hungojwa ikauke, ikasuguliwa tena. Mpako huu huziba vitundu vyote vya karatasi.

Rangi ya mwili yapatikana chini ya miguu ya kila mtu wa Usambara. Udongo wa milima hii ni mwekundu kwa sababu ndani yake mna chuma kilicholiwa na kutu. Udongo utiwe katika maji mengi, ukorogwe, uachwe kidogo. Mchanga na changarawe huzama upesi, lakini udongo laini huelea. Maji yale mekundu yamiminwe katika chombo kingine, yaachwe mpaka kesho; yatakayotulia chini ndiyo rangi. Ikichanganywa na gundi na masizi kidogo, hupatikana rangi ya maji ya kunde, au nyeusi zaidi, kama fundi apendavyo.

Uso uwe wa mwisho, nao upakwe kwa burashi nyembamba na mkono uliotulia. Nyusi na mboni ni za masizi. Midomo ni ya udongo mwekundu usio na masizi. Rangi ikisha kauka, mwili wote upakwe nta ya nyuki, usuguliwe kwa kitambaa laini mpaka ung'ae. Nta huizuia rangi isiharibiwe na unyevu. Lakini gololi na vikombe visipakwe nta hata kidogo, kwa maana vitateleza.

NYWELE

Chini ya milima, pande za Korogwe na Muheza, yako mashamba ya mkonge. Mmea huo si wa asili wa Afrika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida katika Marekani, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mashamba ya mkonge ya nchi hii yalianzia katika miche hiyo. Katani yake ni nyeupe na ngumu, lakini ikichanwa vizuri hufaa kwa nywele.

Ili iwe nyeusi, magome ya muwati huchemshwa katika maji, na katani huloweshwa humo usiku mmoja. Kisha hutiwa katika maji yaliyolaza misumari yenye kutu. Maji ya muwati na kutu ya chuma vikikutana hugeuka kuwa weusi, nao hauondoki kwa kuoshwa. Katani ikisha kauka, ishonwe juu ya kofia ndogo ya kitambaa, na isukwe.

KUUNGA

Mpira wa ndani wa baiskeli ukatwe kanda tatu nyembamba. Ukanda wa kwanza hutoka kiganja cha kushoto, hupita katika kila gololi na kila kipande cha mkono, huvuka kifuani kwa ndani, na kutoka mpaka kiganja cha kulia. Ukanda wa pili na wa tatu hutoka katika nyayo, hupanda miguuni, hupita kiwiliwili na gololi ya shingo, na kukamatwa na kulabu ya waya ndani ya kichwa. Kila mwisho wa ukanda uwe na kulabu yake, na ncha za waya zikunjwe zisimchome mtoto.

Kanda ziwe fupi kuliko mwili, zipate kuvuta. Zikilegea, mwanasesere hulegea kama mgonjwa. Zikikazwa mno, miguu hujirusha kwa ghafula na vikombe hupasuka. Kiasi chema ni hiki: mguu ukiinuliwa, ukae pale pale ulipowekwa.

JARIBIO

Sasa mwanasesere awekwe juu ya meza iliyo sawa, nyayo zake zikiwa chini, na fundi aondoe mkono wake. Hiyo ndiyo saa ya kuogopa. Huenda akasimama. Huenda magoti yakakunjika, akaanguka.

Akianguka, fundi asimtupe. Mara nyingi si kosa la mpira, bali gololi zateleza katika vikombe. Ngozi laini na nyembamba ikatwe duara, itobolewe katikati, igandishwe kwa gundi ndani ya kikombe, upande wenye manyoya mafupi ukiwa juu. Ngozi hiyo huikamata gololi, na mwanasesere aliyekuwa akianguka husimama. Kama bado anaanguka, mwili umezidi upande mmoja, nao usuguliwe tena.

Na akisha simama, ataketishwa, atalishwa uji, atabebwa mgongoni kama lile gunzi la kwanza. Siku mpira utakapochakaa, hatatupwa. Kwa maana aliyemwunga anajua jinsi ya kumfungua na kumwunga tena. Watoto wa Sonneberg walijua kazi hiyo yote, lakini jioni walimfunga mwanasesere katika sanduku aende kwa mtoto mwingine. Mtoto wa Lushoto aliyengoja majuma mawili kivulini, akasugua, akajaribu, akaanguka naye na kuanza tena, humweka mwanasesere wake kitandani, akalala naye.

MASWALI

1. Kwa nini gunzi la hindi haliwezi kuketi?
2. Taja mambo matatu yaliyo katika kila kiungo chema.
3. Eleza sababu ya kitu kupasuka kikikaushwa karibu na moto.
4. Msasa hufungwaje juu ya gololi, na kwa nini?
5. Mwanasesere akianguka katika jaribio, fundi afanye nini?
6. Watoto wa Sonneberg walitofautianaje na mtoto atengenezaye mwanasesere wake mwenyewe?